Wanaposema "nunua tu": namna ya kufanya matumizi makubwa bila kusukumwa na watu

Maswali yanayonifikia ni yale yale, yamebadilishwa nguo tu. Mmoja anauliza: "Wenzangu wote kazini wana gari, nimebaki mimi, nikope?" Mwingine: "Ndugu wa pande zote wanataka harusi ya watu mia tatu, sisi wawili tulipanga arobaini, tuwaambieje?" Wa tatu huja amechelewa: "Nimeshatoa kianzio cha nyumba ambayo, nikisema kweli, ndugu zangu ndio walioipenda." Nimechoka kujibu kwa vipande, basi nimeandika hatua zote hapa, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe.

Ninaposema matumizi makubwa nina maana ya kitu chochote kinachozidi pato lako la mwezi mmoja, au kinachokufunga kulipa kwa zaidi ya miezi sita. Kikiwa chini ya hapo usijisumbue na hatua hizi. Nunua, ukikosea utasahau.

Nadharia ni fupi. Shinikizo la watu halishindi kwa hoja, linashinda kwa kukukuta hujaamua. Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch, huko Marekani, aliwaonyesha watu mistari na kuwauliza upi unalingana na upi. Jibu lilikuwa wazi hata kwa mtoto, lakini kila aliyejaribiwa aliketishwa na kundi lililokwisha kupangwa litoe jibu la uongo. Takriban robo tatu yao walilifuata kundi angalau mara moja. Mambo mawili yalipunguza sana kufuata huko: kuwepo kwa mtu mmoja tu anayesema ukweli, na kuruhusiwa kuandika jibu faraghani badala ya kulitamka mbele za watu. Hatua zifuatazo zimesimama juu ya hayo mawili.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Daftari na kalamu. Simu haifai kwa kazi hii, maana ndiyo mlango wanaoingilia hao hao wanaokusukuma. Mali bila daftari hupotea bila habari, na uamuzi nao ni hivyo hivyo.
- Taarifa ya akaunti yako ya miezi mitatu iliyopita, pamoja na miamala ya simu.
- Kikokotoo.
- Saa moja ya utulivu, bila mtu chumbani.
- Jina la mtu mmoja unayemwamini. Usimpigie bado.

Hatua ya 1: Andika kazi ya kitu, usiandike jina lake

Usiandike "gari". Andika "kuwafikisha watoto wawili shuleni na mimi kazini kabla ya saa mbili asubuhi, na safari moja ndefu kila mwezi". Usiandike "harusi". Andika "kufunga ndoa mbele ya watu tunaotaka waione". Jina la kitu lina picha ya mtu mwingine ndani yake. Kazi ya kitu ni yako.

Ukishaandika, jiulize: kama hakuna mtu atakayejua kamwe kwamba ninacho, bado ningekitaka? Jibu mara chache huwa ndiyo au hapana tupu. Mara nyingi sehemu inabaki na sehemu inaanguka. Gari linabaki, ukubwa wake unaanguka. Nyumba inabaki, mtaa ule unaanguka.

Sitakwambia uitupe hiyo inayoanguka. Heshima nayo ni kitu, na mtu mzima anaweza kuamua kuilipia. Ninachokataa ni kuilipia bila kujua bei yake. Chukua bei ya kinachotosha kazi, chukua bei ya kile kinachotazamwa na watu, toa ndogo kwenye kubwa. Tofauti hiyo ndiyo bei ya kutazamwa. Iandike peke yake kwenye mstari wake.

Hatua ya 2: Orodhesha sauti

Chora safu nne. Ya kwanza, nani. Ya pili, amesema nini, kwa maneno yake hasa. Ya tatu, atachangia kiasi gani. Ya nne, mambo yakiharibika atapoteza nini.

Usiwaandike wanaokulazimisha tu, maana hao ni wachache. Andika na aliyetania ("bado tu unayo hiyo?"), aliyesifia ("mtu wa cheo chako anastahili zaidi"), na yule aliyeuliza tu akipita ("hivi lini utahama pale?"). Utaona safu ya tatu na ya nne zimejaa sifuri.

Nilipokuwa nanunua gari langu la kwanza nilikuwa nimeshachagua dogo, la kunitosha. Mwenzangu mmoja wa kazini alinisindikiza, akakaa kiti cha nyuma, akagusa dari kwa kiganja na kusema, "Hili la kumpeleka bibi hospitali." Tukacheka wote, na muuzaji naye. Wiki ile nikanunua kubwa. Nililipa marejesho miaka minne, matairi yake yalikuwa karibu mara mbili ya bei ya yale ya gari dogo, na yule mwenzangu alihamia kazi nyingine kabla hata sijamaliza mwaka wa kwanza. Hajawahi kulipanda. Kama ningekuwa nimechora safu zile nne, mstari wake ungekuwa: kicheko kimoja, sifuri, sifuri.

Angalizo: mwenye fedha yake ndani ya jambo si sauti, ni mshirika. Mume au mke mnayelipa pamoja, ndugu mnayejenga naye, hao hawamo kwenye orodha hii. Kuwaweka humo ni kuukimbia mjadala mnaopaswa kuwa nao.

Hatua ya 3: Piga hesabu yote, si bei

Bei iliyobandikwa ni mwanzo wa hesabu. Gari lina mafuta, bima, matengenezo, matairi, maegesho, na thamani inayoshuka tangu siku ya kwanza. Nyumba ina marekebisho yasiyokwisha. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kutenga kama asilimia 1 ya thamani ya nyumba kila mwaka kwa ajili hiyo, na nyumba kuukuu hudai zaidi. Sherehe hesabu yake ni kichwa kwa kichwa. Karibu kila kitu, kuanzia chakula na viti mpaka ukubwa wa ukumbi, hufuata idadi ya watu, kwa hiyo ukiwa na nguvu ya kupigania jambo moja tu, pigania idadi.

Kuna na gharama inayokuja kwa mlango wa nyuma. Mwandishi Mfaransa Denis Diderot aliandika mwaka 1769 jinsi joho jipya la nyumbani lilivyomtia hasara. Lilikuwa zuri mno kiasi kwamba kiti chake, meza yake na picha zake za ukutani zilionekana chakavu, akavibadilisha kimoja kimoja. Andika basi: kitu hiki kikiingia, ni vitu gani vitatu nilivyonavyo vitaanza kuonekana vibovu? Weka na bei zake.

Kama ni kwa mkopo, uliza swali moja kabla ya yote: riba inahesabiwa kwenye deni lililobaki, au kwenye deni lote la mwanzo mpaka mwisho? Chukua mkopo wa 100, riba asilimia 18 kwa mwaka, miaka minne, kulipa kila mwezi. Riba ikihesabiwa kwenye deni linalopungua, utarudisha jumla ya 141 hivi. Ikihesabiwa kwenye deni lote la mwanzo, utarudisha 172. Asilimia iliyotajwa ni moja, mkopo ni mwingine kabisa. Ongeza na ada za kufungulia mkopo na bima yake.

Mwisho, geuza jumla iwe miezi ya akiba. Wengi hugawanya kwa mshahara, na hapo ndipo wanapojidanganya, kwa sababu mshahara una wenyewe: kodi, chakula, ada za shule. Gawanya kwa kile kinachobaki. Ikiwa kinachobaki ni asilimia 20 ya mshahara, kitu cha bei ya mishahara mitatu si miezi mitatu, ni miezi 15. Andika namba hiyo kubwa juu ya ukurasa na uizungushie duara.

Hatua ya 4: Weka kikomo

Andika kiasi cha juu kabisa utakachotoa, kila kitu kikiwa ndani, kisha tarehe na sahihi yako. Fanya hivi kabla hujatembelea muuzaji hata mmoja na kabla kikao chochote cha familia. Kitenge mara mbili: 85 katika kila 100 ni za kitu chenyewe, 15 zibaki kwa yatakayojitokeza. Hayakosi kujitokeza.

Kosa la kawaida: kukitaja kikomo. Ukimwambia muuzaji mwisho wako, hakitakuwa mwisho tena, kitakuwa mwanzo. Ukiwaambia ndugu, watakutafutia vitu vya kukimaliza, tena kwa nia njema kabisa.

Hatua ya 5: Ngoja

Siku 7 kwa kitu cha pato la mwezi mmoja mpaka mawili. Siku 30 kwa kinachozidi hapo. Kila jioni andika namba kutoka 0 mpaka 10: leo nakitaka kiasi gani? Pembeni andika ulikutana na nani. Baada ya wiki mbili unaweza kuona jambo la kuchekesha: namba inapanda siku za vikao na sherehe, inashuka siku ulizoshinda nyumbani.

"Ofa inaisha leo" isikuvunjie zoezi. Inaisha leo, na kesho itapata jina jingine. Wala usitegemee kwamba ukishanunua utarudisha. Katika Umoja wa Ulaya mnunuzi wa mtandaoni kwa kawaida ana siku 14 za kubadili nia, lakini kanuni hiyo haiko kila mahali, haihusu kila bidhaa, na ununuzi wa dukani una masharti yake. Soma masharti ya kurudishiwa fedha kabla ya kutoa kianzio.

Hatua ya 6: Mpigie yule mtu mmoja

Huyu ndiye sauti moja ya ukweli katika kundi la Asch. Asiwe anauza, asiwe atanufaika, na iwe bora kama naye aliwahi kukataa jambo la namna hii. Mkali sana hafai, utaanza kumficha mambo. Mwonyeshe ukurasa wako wote, pamoja na mstari wa bei ya kutazamwa. Muombe akuulize maswali, asikupe ushauri. Muombe pia akusindikize siku ya kununua, au awe hewani.

Hatua ya 7: Andaa jibu na ulitamke kwa sauti

Hapa ndipo wengi hushindwa, hata waliofanya hesabu vizuri. Wanakwenda na sababu. Kila sababu unayoitoa inakuwa kazi ya mwenzako kuitatua:

— Mbona huchukui ile kubwa?
— Bei imenizidi.
— Si kuna mkopo?
— Riba yao kali.
— Namjua mtu pale, atakupunguzia. Nimpigie sasa hivi?

Umekwisha. Hukuwa unakataa, ulikuwa unapatana bei. Sasa tazama hii:

— Mbona huchukui ile kubwa?
— Nimeamua hii.
— Lakini wewe, mtu mzima…
— Nimekusikia. Nimeamua hii. Mgonjwa wenu anaendeleaje?

Jibu fupi, lile lile, kwa sauti ile ile, kisha mada nyingine ambayo unaijali kweli. Litamke nyumbani mara tano mbele ya ukuta. Utajiona mjinga. Ni heri ukuta ukuone mjinga.

Kwa watu mbalimbali:

*Mzazi au mkubwa wako.* Usimjibu papo kwa papo mbele ya watu. "Nimekusikia, mama. Naomba unipe mpaka Jumapili, nitakuletea jibu mwenyewe." Halafu lipeleke kweli, wewe mwenyewe, mkiwa wawili. Wakubwa wengi huumizwa zaidi na kupuuzwa kuliko kukataliwa.

*Kundi la simu.* Usijibu ndani ya kundi. Mwandikie aliyeanzisha, faraghani. Mbele ya watu hamsini hakuna anayekubali kurudi nyuma, wewe wala yeye.

*Ndugu wa pande mbili kwenye harusi.* Wawili nyinyi kubalianeni idadi kwanza, mkiwa peke yenu, mwiandike. Kisha kila mmoja azungumze na wa kwao. Usimtume mwenzako kwa wazazi wako akatangaze idadi; atabeba lawama ya jambo mliloliamua pamoja, na lawama hiyo huishi miaka.

*Muuzaji.* "Asante, nitarudi nikiamua." Huna deni la maelezo kwake.

Makosa mawili ya hatua hii. La kwanza ni kusema "sina hela" wakati unazo. Mwezi ujao wakikuona umelipa kitu kingine, umeitwa mwongo, na ukweli wako wa kesho hautasikika. La pili ni "labda" na "tutaona". Wewe unaona umekataa kwa adabu, wao wameshaandika ndiyo.

Hatua ya 8: Siku ya kununua

Nenda na ukurasa wako mfukoni. Kadi ya mkopo ibaki nyumbani. Kataa kuzungumza kwa lugha ya "kwa mwezi ni kidogo tu". Omba jumla, kwa maandishi, kila kitu kikiwa ndani. Jihadhari na nyongeza zinazokuja baada ya bei kubwa kukubaliwa, kwa maana mtu aliyekubali kutoa 100 huiona 4 kama si kitu, na zikija nne za hivyo ni 16. Jumla ikizidi kikomo, toka nje mpigie mtu wako. Toka kwa miguu, usipigie simu palepale mbele ya muuzaji.

Hatua ya 9: Ukishanunua

Usitangaze bei, iwe ndogo au kubwa. Na uache kutazama bei za vile ulivyoviacha.

Mambo yakikwama

*Nimeshasema ndiyo mbele ya watu.* Rudi haraka, kabla fedha haijatoka, maana ndiyo hukomaa kadiri wengine wanavyopanga mambo yao juu yake. "Nilikubali juzi kabla sijapiga hesabu. Nimezipiga, siwezi. Samahani kwa kukuchanganya." Samahani ni moja. Ukiomba tatu, utaombwa ubadilishe tena.

*Nimeshatoa kianzio.* Kilichotoka, kama hakirudi, kiondoe kwenye swali. Ikiwa ulitoa 10 katika 100, jiulize: leo ningekikuta kitu hiki kinauzwa 90, ningekinunua? Kama hapana, kupoteza 10 ni hasara ndogo kuliko kuongeza 90. Kabla ya kuamua, soma mkataba uone kama kuna faini ya kujitoa, uiingize kwenye hesabu.

*Anayenisukuma ni mwenzi wangu.* Basi hili si shinikizo la watu, rudini hatua ya 1 pamoja. Kila mtu aandike kazi ya kitu kwenye karatasi yake bila kuonyeshana, kisha mbadilishane. Mara nyingi mtagundua mnabishania vitu viwili tofauti vyenye jina moja.

*Aliyenisomesha ndiye anayetaka ninunue.* Tenganisha shukrani na ununuzi. Shukrani itolee kiasi ulichopanga mwenyewe, kwa moyo, bila kungoja kudaiwa. Lakini usichukue mkopo kwa jina lako kwa ajili ya kitu cha mtu mwingine, wala usisaini udhamini kwa aibu. Mdhamini ni mkopaji ambaye hajapewa fedha.

*Wananicheka.* Watacheka kwa muda, kisha watapata kichekesho kingine. Ukiona miezi imepita na bado mtu anakuja na lile lile, tazama mstari wake kwenye hatua ya 2. Pengine kuna jambo jingine kati yenu, na halihusu gari.

*Naogopa nimekuwa bahili.* Hatua hizi hazikukatazi kununua. Kitu kikiingia ndani ya kikomo, siku 30 zikapita na namba yako ikabaki 8, kinunue bila kumwomba mtu radhi.

*Nilikataa, na sasa najuta.* Fungua ukurasa ule baada ya siku 90. Kama kazi uliyoiandika kwenye hatua ya 1 bado haijafanywa na kitu kingine, pitia hesabu upya kwa bei za sasa, maana zitakuwa zimesogea. Ikikubali, nenda. Na hiyo jumla kwa maandishi ya hatua ya 8 usiiruke kwa sababu tu safari hii una uhakika.